Kazi Hii Si Yako Kuifuta

Nchi hii haimo kwenye ramani, kwa hiyo asitokee mtu akasema ni kwao. Ukiona mahali panafanana na mtaani kwenu, ujue ni macho yako tu. Yapeleke hospitali, kama hospitali yenu ina dawa ya macho.

Katika nchi hiyo jambo halikuwa jambo mpaka lichapwe. Mvua ikinyesha kabla Idara ya Hali ya Hewa haijaichapa, watu walilowa kimya kimya, maana kulalamikia kisichochapwa ni uzushi, na uzushi una kifungo. Mtoto alihesabiwa amezaliwa siku cheti chake kilipotoka kwenye mashine, hata kama alikwenda kukichukua kwa miguu yake mwenyewe. Na mashine ya kuchapa ilikuwa moja tu. Ilikaa ghorofa ya chini ya Wizara ya Amri, katika chumba chenye kiyoyozi ambacho wodi ya watoto iliomba ikanyimwa, mlangoni askari wawili, na ukutani picha ya Mtukufu Kiongozi akitabasamu kama mtu aliyetoka kula.

Nyaraka zote za nchi zilijipanga foleni ndani ya mashine hiyo na kungoja zamu. Wananchi waliipenda foleni ile. Ilikuwa foleni pekee nchini ambayo hakuna shemeji ya mtu aliyeweza kuirukia.

Siwema Kombo alikuwa mwalimu wa makarani wizarani. Alikuwa na stashahada ya kompyuta, na mama yake, Bi Mgeni, aliitundika sebuleni juu ya televisheni, huko Mtaa wa Mchikicho, ili kila aliyekuja kununua maharage ya nazi asubuhi aisome kwanza ndipo apewe bakuli. Mtaa mzima uliijua kwa moyo, pamoja na sahihi ya mkuu wa chuo.

Wiki ile Siwema alikuwa na darasa la makarani wapya, kila mmoja mpwa wa mtu fulani. Somo lilikuwa jipya hata kwake: kutuma kazi kwenye mashine, kisha kuifuta kabla haijachapwa. Chuoni alikuwa amefundishwa kwamba anayejua kutuma bila kujua kufuta ni sawa na anayejua kuwasha moto na hajui kisima kiko wapi.

Alihitaji waraka wa mfano. Kuandika mtaa wa mtu mwingine aliona ni kukosa adabu, kwa sababu utani una wenyewe, na usiyetaniana naye humgusi. Basi akaandika mtaa wa kwao. Na ili hata mpwa wa mtu fulani atambue kwamba huu ni mchezo, akatafuta sababu isiyoweza kutokea popote chini ya jua:

"Wakazi wa Mtaa wa Mchikicho wanaamriwa kuhama mara moja, na nyumba zao kuvunjwa, ili kupisha Bustani ya Tausi wa Taifa."

Darasa lilicheka mpaka mmoja akapaliwa. Siwema akabonyeza, kazi ikaenda.

"Sasa tazameni," alisema. "Kazi hii nimeituma mwenyewe, kwa hiyo nitaifuta mwenyewe."

Kompyuta za wizara zilitumia Linux, mfumo ambao katika mambo haya ni mwadilifu kuliko mahakama nyingi: kila mtu ana ruhusa ya kufuta kazi yake, na ya mwenzake haigusi, labda awe msimamizi wa mashine. Siwema akabonyeza kufuta. Kioo kikamjibu kwa upole: "Huna ruhusa. Kazi hii si yako kuifuta."

Akajaribu tena. Kioo hakikuchoka. Akatazama jina la mwenye kazi. Lilisomeka: Mheshimiwa Waziri Kitwana Lubango.

Mpwa mmoja akanyoosha mkono. "Mwalimu, na hilo litatoka kwenye mtihani?"

*

Fundi Pandu, mtunza mashine, alikuwa anakula muhogo juu ya boksi la wino. Alimsikiliza Siwema mpaka mwisho, akapangusa vidole.

"Dada Siwema, hivi katika nchi hii wewe umewahi kutuma kitu?"

"Nimetuma leo. Kwa mkono wangu huu."

"Umedhani umetuma. Aliyetuma ni Waziri."

Akamsimulia. Mashine ile ina kidirisha kidogo kinachoonyesha jina la mwenye kazi kabla karatasi haijatoka. Siku moja Waziri alishuka kuitazama hotuba yake ikizaliwa, akasoma kwenye kidirisha: karani Mwanaharusi. Alitetemeka mpaka tai ikalegea. Maneno yake, yaliyomtoa jasho la kuyasoma, yanatoka kwa jina la msichana wa kaunta? Tangu siku hiyo Pandu aliamriwa kuvisha jina la Waziri kila kazi inayoingia, iwe amri, cheti cha kuzaliwa au ratiba ya kufagia vyoo.

"Na hakuna aliyelalamika?"

"Alalamike nani? Tangu tupate uhuru hakuna aliyewahi kujaribu kufuta kitu. Wewe ndiye wa kwanza. Hongera."

"Basi nifutie wewe. Wewe ndiye fundi."

"Mimi ni fundi wa kuongeza. Ruhusa ya kuondoa ina nywila ya msimamizi, na nywila hiyo ilitolewa zawadi."

"Zawadi kwa nani?"

"Kwa Mtukufu Kiongozi, siku ya kuzaliwa kwake. Waliichonga kwenye fremu ya dhahabu, wakaitundika ukumbi wa wageni Ikulu. Kwa ajili ya usalama, uso wa fremu umeelekezwa ukutani."

"Na hakuna aliyewahi kuigeuza?"

"Yupo. Mama mmoja wa usafi, alikuwa anaondoa utando wa buibui." Pandu aliinamisha kichwa. "Tunamwombea."

"Tuzime umeme, Pandu."

"Tulizima mwaka wa mafuriko. Ilipowaka ilikumbuka kila kitu, ikaendelea pale pale ilipoishia. Dada yangu, katika serikali hii yote, chenye kumbukumbu ni hicho peke yake."

Kitu kimoja tu kilimpa Siwema pumzi. Mbele ya amri yake kwenye foleni zilikuwepo Hotuba Teule za Mtukufu Kiongozi, juzuu zote, pamoja na vikohozi vyake, ambavyo wahariri waliona si vyema kuvipunguza. Mashine ilikuwa bado kwenye juzuu ya ujana wake.

*

Mkurugenzi wa Foleni aliitwa Bwana Ngwali, mtu mrefu aliyezungumza kana kwamba kila neno lake limepigwa muhuri. Alimkaribisha Siwema asimame.

"Nimeiona amri," alisema. "Nimeisoma ikiwa kwenye foleni. Nchi inajengwa na watu wanaosoma mapema. Idara ya Ndege imekwisha kuagiza tausi."

"Bwana Mkurugenzi, ule ulikuwa mfano wa darasani."

"Mfano mwema. Uongozi ni mifano."

"Nilikuwa natania."

Bwana Ngwali aliiweka kalamu mezani taratibu. "Ulitania kwa jina la Mheshimiwa Waziri?"

Siwema aliuona mlango wa gereza ukifunguka katikati ya sentensi. Akaufunga. "Hapana."

"Basi hukutania. Na kama una shaka na amri, utaratibu uko wazi. Mwenye kazi ndiye mwenye ruhusa ya kuifuta. Mwone Waziri."

"Waziri amefariki, Bwana Mkurugenzi. Hata wauza karanga pale getini wanajua."

Bwana Ngwali aliinuka, akafunga dirisha, akarudi kukaa. Sauti yake ilipotoka ilikuwa ya mtu anayefundisha mtoto kuvuka barabara.

"Tangazo la kifo cha Mheshimiwa limo kwenye foleni. Limekaa nyuma ya amri yako. Mpaka litoke, Mheshimiwa yu hai, ana afya njema na anaendelea na majukumu. Likitoka, atateuliwa mrithi, naye atarithi jina la kazi zote na ruhusa zote, afute apendacho."

"Lakini amri itakuwa imetangulia kutoka."

"Naam."

"Na Brigedi ya Utekelezaji huichukua karatasi ikiwa bado ya moto."

"Naam. Watu wengi hulalamika kwamba serikali inachelewa." Akatabasamu. "Foleni ni foleni, Bi Siwema. Tukianza kumpitisha mtu mbele kwa kuwa tu amekufa, kesho kila mtu atakufa."

*

Kisha jambo jema likatokea, na katika nchi ile watu walikuwa wamezoea kuyaogopa mambo mema. Mashine ilipofika juzuu ya mwisho ya hotuba, katikati ya kikohozi kirefu, karatasi zikaisha. Bohari ilikuwa tupu. Idara ya Karatasi ikasema iko tayari kuagiza nyingine mara tu itakapopata ombi lililochapwa. Ombi likaandikwa, likatumwa kwenye mashine, nalo likajipanga foleni kungoja karatasi.

Siwema alilala usingizi wa mtoto. Asubuhi akajisemea: Mungu amenipa nafasi, nami nisikae bure. Huenda Waziri alimwachia mtu nywila yake. Akavaa baibui, akaenda nyumbani kwa marehemu ambaye hajawa marehemu.

Sebule ilijaa wanawake wamekaa kwenye mikeka, macho mekundu, na kila mmoja ana sufuria mapajani. Kulia msiba usiochapwa ni kosa, kwa hiyo kila mmoja alikuwa amekuja kuazima sufuria. Bi Zuwena, mke wa Waziri, alikaa kati yao na shela ya rangi ya waridi, kwa kuwa ya kiza ingeulizwa.

"Shikamoo, Bi Mkubwa. Bwana hajambo?"

"Marahaba, mwanangu. Hajambo. Yuko mochwari."

"Tunamshukuru Mungu."

"Anazidi kupata baridi," alisema Bi Zuwena, na mwanamke mmoja pembeni akaingiza uso wake wote ndani ya sufuria, mabega yakatikisika.

Siwema alieleza haja yake kwa sauti ya chini. Bi Zuwena alimtazama kwa huruma.

"Nywila? Mume wangu aliogopa hata rimoti. Simu yake nilikuwa nampigia mimi, namwekea sikioni. Hiyo ruhusa mnayoisema alikuwa nayo miaka yote kama mtu mwenye kisima katika shamba asilolijua."

"Kwa hiyo hakuna anayeijua."

"Kama ipo, imelala naye." Kisha Bi Zuwena akainamia mbele. "Ngoja. Umesema tangazo lake liko nyuma ya amri ya kwenu. Na amri ya kwenu inangoja nini?"

"Karatasi tu, Bi Mkubwa. Zimeisha. Mashine imesimama."

Alilisema hilo kwa furaha. Furaha ilimpita kiasi, akasahau anazungumza na nani. Ulimi hauna mfupa, na wa Siwema, aliojivunia tangu darasa la kwanza, siku hiyo ulichimba kaburi la kwao na kusawazisha kingo.

"Karatasi tu," alirudia Bi Zuwena. "Mimi nilidhani ni siasa."

"Bi Mkubwa, nyuma ya karatasi hizo kuna mtaa mzima. Kuna mama yangu."

"Nakusikia, mwanangu. Na nyuma ya karatasi hizo hizo kuna mume wangu, kwenye droo ya bati, kidoleni amefungwa kibandiko cha namba. Wa kwenu watapewa mtaa mwingine. Mimi nitapewa mume mwingine?"

Waliokuja kuazima sufuria walitazama sakafu. Bi Zuwena akaichukua simu, na safari hii akaipiga kwa ajili yake mwenyewe. Akaomba kuunganishwa na Redio ya Taifa.

*

"Taifa limeishiwa karatasi," redio ilisema jioni ile, katikati ya ngoma. "Adui anacheka. Kila mzalendo achangie rimu moja. Mtaa utakaotangulia utatajwa."

Siwema aliisikia akiwa njiani kwenda kwa mama yake. Alipofika Mchikicho alikuta rimu zimepangwa uani, zimefunikwa kanga zisipate vumbi, na kikundi cha akina mama kinagombania nani abebe. Wapo waliouza kuku. Bi Mgeni alikuwa anaamua ugomvi huku anachambua maharage.

"Umekuja wakati mzuri," alisema. "Nilikuwa naitazama hata stashahada yako. Upande wa nyuma ni mweupe kabisa."

"Mama, msizipeleke hizo karatasi."

Bi Mgeni akamvuta mwanawe hadi jikoni.

"Kwa nini tusipeleke?"

"Kuna amri kwenye foleni. Mama, amri yenyewe ni kwamba..."

Kiganja cha Bi Mgeni kilimziba mdomo, kikinuka vitunguu na nazi. "Imechapwa?"

Siwema alitikisa kichwa.

"Basi usinitajie. Mimi nilizaa mtoto, sikuzaa mzushi. Unataka nikuletee chakula gerezani kwa miguu hii?"

Siwema aliuondoa mkono ule kwa upole. "Hata kama ni jambo linalokuhusu wewe?"

"Hasa hilo. Likinihusu, litanifikia." Akampangusa mwanawe shavu. "Siwema, mtaa mzima unajua kwamba anayefundisha ile mashine ni mwanangu. Mitaa mingine ipeleke karatasi, sisi tukae tumekunja mikono? Nitaificha wapi sura yangu?"

Siwema alirudi uani akazitazama zile rimu. Aliwaza kuzimwagia maji. Pipa lilikuwa pale, na kata juu yake. Lakini akina mama walikuwa wamezizunguka kama bibi harusi, wanazipigia vigelegele, na mmoja tayari alikuwa anaandika jina la mtaa kwenye karatasi ya juu kwa hina.

*

Mtaa wa Mchikicho ulitangulia. Bi Mgeni aliingia wizarani asubuhi akiwa na rimu ya kwanza kichwani, na Bwana Ngwali akashuka mwenyewe kumpokea.

"Mama," alisema, "umma unaojitolea karatasi ni umma unaojiandikia hatima yake."

"Asante, baba," alijibu Bi Mgeni. "Mwanangu ndiye huyo hapo."

Askari akaifungua rimu, Fundi Pandu akaipakia bila kumtazama Siwema. Mashine ikanguruma. Ikamaliza kikohozi cha Mtukufu, ikatulia kidogo kama mtu anayelamba kidole kabla ya kufungua ukurasa, kisha ikaitoa amri. Ilikuwa karatasi moja tu. Afisa wa Brigedi akaipuliza ipoe, akapiga saluti, akaondoka nayo mbio.

Likafuata tangazo. Bwana Ngwali alilisoma kwa sauti, na alipofika kwenye neno "amefariki" wizara nzima ikaangua kilio kilichokuwa kimebanwa kifuani. Walilia makarani, walilia askari, na kutoka upande wa nyumba ya Waziri sauti za wenye sufuria zilisikika mpaka barabarani. Siwema alishika ukuta akalia kuliko wote. Alilia mpaka akakaa chini.

Bwana Ngwali alimtazama akaguswa. "Tazameni uchungu wa kweli," aliwaambia makarani. "Na alikuwa hajawahi kukutana naye." Papo hapo akaamuru iandikwe barua ya kumpandisha cheo, ikatumwa kwenye foleni.

Karatasi ya tatu ilikuwa uteuzi wa Waziri mpya. Alikuwa anangojea ukumbini, akaapishwa akiwa amesimama, na jambo la kwanza alilotaka ni kuona mamlaka yake. Pandu akamfungulia kompyuta. Siwema alijipangusa, akasogea.

"Mheshimiwa, una ruhusa ya kufuta. Naomba unifutie kazi moja."

"Kwa moyo mkunjufu," alisema Waziri mpya, kidole juu ya kitufe. "Ipi?"

Pandu alizungumza bila kuinua macho. "Imeshatoka, Mheshimiwa. Kazi ikishatoka haifutiki. Hata kwa mwenyewe."

"Basi nifute nyingine yoyote," alisema Waziri, na akafuta iliyokuwa karibu, ombi jipya la wodi ya watoto kuhusu kiyoyozi.

*

Bi Mgeni alikuwa kwenye benchi la korido, macho yamemvimba. Alikuwa amelia na wenzake kwa ustaarabu.

"Alikuwa mtu mzuri?" aliuliza.

"Sijui, mama." Siwema akakaa karibu naye, akamshika mkono. "Sasa imechapwa, naruhusiwa kukwambia. Mchikicho inavunjwa leo, nyumba zote. Wanataka kuweka bustani ya tausi."

Bi Mgeni alimtazama usoni. Midomo ikaanza kucheza, kisha mabega, kisha kicheko kikamtoka, kizito, cha kutoka tumboni, mpaka akajifunika kanga kwa ajili ya heshima ya msiba.

"Tausi," alisema alipopata pumzi. "Toka hapa. Huo ni utani wako ule ule wa utotoni. Hukusema paka wa Bi Kazija ameitwa jeshini?"

"Mama, safari hii ni kweli."

"Hata siku ile ulisema ni kweli." Akainuka, akajifunga kanga upya, bado anacheka. "Niache niende. Nimeacha maharage motoni, na wateja wanajua saa yangu."

Siwema alimfuata mpaka getini akimshika kanga. Bi Mgeni aliitoa kanga yake mikononi mwa mwanawe kidole kimoja kimoja, kwa upole, kama alivyokuwa akifanya zamani kwenye mlango wa shule.

Barabarani msafara wa matingatinga ulikuwa unapita kuelekea Mchikicho, na nyuma yake lori la vizimba ambamo ndege wakubwa walilia kwa sauti mbaya. Dereva wa tingatinga la mbele alimwona mama mtu mzima anataka kuvuka. Alikuwa kijana mwenye malezi. Akasimamisha mashine yake, na msafara wote ukasimama nyuma yake.

Bi Mgeni alivuka bila haraka, akainua mkono kumshukuru, akashika njia ya kwake.